Pengo

Kinanda changu kina meno sitini na moja
na jino moja limekufa: fa, ile ya katikati,
tangu usiku wa Ahero
mtu alipokinywesha bia akidhani anatutunza.
Nilikianika siku tatu juu ya bati,
kikafufuka chote ila hapo.
Unabonyeza, kidole kinazama
kama mguu uliokosa ngazi gizani.

Fundi wa Kibuye alitaja bei.
Nikamwuliza kama ni ya jino au ya taya zima.

Wekulo akasema, Niachie mimi.
Wekulo wa gita, mtu wa Malava,
msemaji wa mara moja kwa wiki.
Kila wimbo ulipokaribia pale pa fa
alikuwa ameshafika,
kidole cha shahada kwenye uzi mwembamba,
anaiweka taratibu, kama mtu
anayekusogezea kiti kabla hujajua umechoka.

Miaka sita.
Nyamasaria, Luanda, Mbale, harusi za Siaya,
matanga ya watu tusiowajua
ambako jenereta ililia kuwashinda wafiwa,
na ile baa ya Kondele yenye ukuta wa kijani
ambapo Apondi alitulipa kwa samaki
mwezi mzima aliokatiwa stima.
Hakuna aliyesikia pengo.
Watu walicheza juu yake
na viatu vyao vya Jumamosi.

Nyanya yangu aling'olewa meno sita ya chini,
desturi ya enzi zao,
na akipiga mluzi kupitia hapo
hata mbwa wa jirani walikuja.
Nilidhani ndivyo ilivyo:
unatolewa kitu, upepo unapata njia.

Januari Wekulo akapata kazi ya ulinzi, Doha.
Gita akaliuza Kakamega.
Usiku wa mwisho hakutoa hotuba.
Aliuviringisha waya wake,
akaufunga kwa kamba ya kiatu,
akanitia mkononi:
"Wako unakwaruza."

Aliyekuja baada yake ni Nasambu, binti wa Bungoma,
vidole vyake mvua ya kwanza juu ya mabati,
fundi kuliko mimi, na analijua hilo.
Tukaanza. Tukafika pale.
Kimya cha ukubwa wa kunde moja.
Mlevi wa meza ya mbele alisimamisha glasi hewani,
ama alikuwa anatafuta kiberiti.
Nasambu alinigeukia.
"Umeruka."
"Sijaruka. Limekufa."
"Tangu lini?"
Nikakosa la kumjibu.

Basi nikakipeleka Kibuye.
Zilikwenda pesa za matanga mawili.
Fundi alitoa vumbi, bawa la mende,
akasugua kampira keusi kwa spiriti,
dakika kumi, na tano kati ya hizo alikuwa kwenye simu.
Fa ikalia mle dukani, kubwa, mbichi,
kama mtoto aliyeamshwa na wageni.

Sasa kinanda ni kizima,
ila kidole changu hakina habari.
Kikifika pale kinainuka,
kinapita juu,
kinamwachia mtu.
Nasambu anasema ni mazoezi tu.
Nafanya. Fa, fa, fa, alfajiri, kabla ya chai,
mpaka Akoko, mke wangu, aulize kutoka jikoni
kama hao wenzake wengine wamehama.

Juzi simu iliita katikati ya wimbo,
namba ndefu, ya mbali.
Niliipokea kwa mkono wa kushoto,
nikailaza wazi juu ya kinanda,
tukaendelea.
Kwa kelele zile sikusikia kama alisema kitu.
Dakika nne zilihesabika kwenye kioo,
mwanga wake mdogo ukitetemeka kwa besi.
Wimbo ukageuka, ukakaribia pale,
Nasambu akanitazama, anasubiri,
nami nikakiinua kidole
kwa kusudi.